Maua yangu ya dhahania yanageuka matope: je, kosa ni vifaa?

Swali: Habari yako mwalimu. Naishi Kondele, Kisumu. Nimekuwa nikitazama video za watu wanaochora maua ya dhahania, yale yaliyolegea, mtu anagusa karatasi mara tatu nne na ua limekuja. Nikanunua rangi za maji za vichupa, zile za shule (nyekundu, bluu, manjano na nyeupe), karatasi za manila na brashi ya inchi moja ya hadiwea. Nikianza, najikuta nachora petali moja moja na ua linakakamaa, linakuwa la kitabu cha chekechea. Nikijilazimisha kulegeza mkono, rangi zinaingiliana zote na nabaki na matope. Karatasi nayo inajikunja. Je, vifaa vyangu ni vibaya, au mimi sina kipaji? Na siku nikifaulu, picha ya rangi hizi yaweza kutundikwa sebuleni ikadumu?

Jibu: Dada yangu wa Kondele, vifaa vyako vinatosha, ukiongeza chupa moja tu ya rangi nitakayoitaja hapa chini. Habari ya kipaji tuiache kwanza, maana ulichoeleza ni maradhi mawili yenye chanzo kimoja. Ukakamavu na matope vyote vinaletwa na maji: unaigusa karatasi kabla unyevu wake haujafika panapotakiwa, au ukiwa umeshapita. Mkono wako hauna neno. Wale unaowatazama wanajua karatasi yao imelowa kiasi gani kabla hawajaigusa tena, lakini video zimeharakishwa na dakika za kungoja zimekatwa, kwa hiyo umejifunza kurusha brashi bila kujifunza kusubiri.

Fanya jaribio hili kabla ya kuchora ua lolote. Kata kipande cha manila, ukipake maji safi eneo la ukubwa wa kiganja, kisha uinamishe kichwa ulitazame kwa upande, dirisha likiwa mbele yako. Mwanzoni maji yanasimama juu ya karatasi na kumeta. Ukigusa na rangi sasa hivi, inakimbia kila upande na kupauka. Hali hii inafaa kwa mandhari ya nyuma, ukungu na majani ya mbali. Subiri. Punde ule mmeto unazama: karatasi bado imelowa ila haing'ai, na ukiigusa kwa mgongo wa kiganja unahisi ubaridi. Rangi ikiwekwa hapa inatambaa kidogo halafu inasimama yenyewe, ukingo wake ukiwa laini. Petali karibu zote unazozitamani kwenye video zinazaliwa katika dakika hizi chache. Mwishowe karatasi inakauka, ubaridi unakwisha, na kila alama inabaki palepale ilipowekwa, ukingo mkali. Hiyo ni zamu ya vikonyo na yale madoa machache ya kumalizia.

Kurudia jaribio hili asubuhi moja tu, bila ua, bila picha, kutakufaa kuliko video ishirini. Na iwe asubuhi kweli. Saa nane mchana Kisumu hali ile ya pili inapita kabla hujaipata brashi, hasa feni ikiwaka au dirisha likiwa wazi na upepo wa ziwa unaingia na kukausha upande mmoja kabla ya mwingine. Wenzako wa Nakuru, walio juu kwenye mwinuko wa karibu mita 1,850 wakati ninyi mko kwenye 1,130 hivi, wana shida ya kinyume: msimu wa mvua wanangoja karatasi ikauke mpaka chai inapoa. Ndiyo sababu sikupi hesabu ya dakika. Tazama mmeto na uhisi ubaridi, utakuwa sahihi popote ulipo.

Kanuni inayotoka humo, na ukisahau mengine yote ishike hii: brashi inayorudi kwenye eneo lililolowa iwe na maji machache kuliko karatasi. Ikiwa na maji mengi zaidi, maji hayo yanaingia kwa nguvu, yanaisukuma rangi pembeni, na pakikauka unakuta doa lenye kingo za kuparara. Wachoraji wa mandhari wanaliogopa doa hilo kwa sababu linawaharibia mbingu. Mchoraji wa maua nataka alitafute. Tone moja la maji safi katikati ya doa la rangi linaloanza kukauka hutoa petali yenye ukingo wa kusinyaa ambao hakuna mkono ungeweza kuuchora kwa makusudi. Mimi bogenvilia naichora hivyo tu, wala sijui njia nyingine iliyo bora.

Shika kipande cha fulana kuukuu kwa mkono wa pili. Kila ukiitoa brashi kwenye maji, iguse fulana kwanza. Brashi ya hadiwea inabeba maji mengi kuliko inavyoonekana, na bila hiyo fulana utakuwa unamwaga dimbwi kila mara ukidhani unapaka petali. Kuhusu uzito wa rangi yenyewe, fikiria chai isiyo na maziwa, maziwa, na mala (maziwa yaliyoganda). Karatasi inayometa ipe rangi yenye uzito wa chai, iliyopoteza mmeto ipe uzito wa maziwa, iliyokauka ipe mala. Wanaoanza huchora picha nzima kwa uzito mmoja, halafu wanashangaa kwa nini haina mbali wala karibu.

Sasa matope. Yanaingia kwa milango zaidi ya mmoja, na wa kwanza umeununua dukani bila kujua. Nyekundu ya shule kwa kawaida inaelekea rangi ya machungwa, yaani ndani yake kuna umanjano. Ukiichanganya na bluu ili upate zambarau, rangi zote tatu za msingi zimekutana, na zikikutana tatu huzaa hudhurungi. Ungehangaika mwaka mzima kuitafuta zambarau ya mjakaranda kwenye nyekundu hiyo na usingeipata. Chupa ninayotaka uongeze ni waridi iliyokolea, ile iliyoandikwa magenta. Hiyo na bluu kidogo inatoa zambarau safi, na ukiichanganya na manjano unapata nyekundu inayowaka. Baada ya wiki chache utaona ile nyekundu ya kwanza huigusi tena.

Mlango wa pili ni tabia ya rangi hizi. Rangi ya shule hata ikikauka inayeyuka tena ikiguswa na maji. Unapopaka kijani juu ya waridi lililokauka na kusugua mara mbili tatu, unalifufua waridi lililo chini na kulichanganya na kijani. Weka mguso mmoja, inua mkono, usirudi. Ukitaka tabaka la chini litulie, tia gundi nyeupe ya mbao ndani ya rangi, kijiko kimoja cha gundi kwa vijiko vitatu vya rangi, upunguze uzito kwa maji. Ikikauka vizuri haifufuki kirahisi. Osha brashi papo hapo lakini, maana gundi ikikaukia kwenye nywele umeipoteza.

Halafu kuna rangi zinazouana: nyekundu na kijani, bluu na machungwa, manjano na zambarau. Zikiwa kavu na kukaa jirani, kila moja inaifanya mwenzake ing'ae. Zikikutana mbichi zinazimana. Basi ua likiwa jekundu, liache likauke ndipo ulete jani, au acha uzi wa karatasi tupu kati yao. Weka pia vikombe viwili vya maji, kimoja cha kuoshea na kimoja cha kuchovya, la sivyo unachora kwa maji machafu tangu petali ya pili.

Nyeupe ifungie kabatini. Najua ndiyo inayovutia, lakini kila unapoitia rangi inapoteza uangavu na kuwa na sura ya chokaa. Weupe wa picha yako ni karatasi yenyewe, ile uliyoacha bila kuigusa.

Ndiyo maana ununue manila nyeupe. Kujikunja kwake ni jambo dogo. Karatasi ikilowa inatanuka, na ikitanuka upande mmoja inavimba. Ibandike kingo zote nne kwa selotepu pana ya karatasi juu ya ubao au kipande cha plaiwudi, na usiing'oe mpaka ikauke kabisa. Manila haivumilii kusuguliwa, inatoa vinyweleo. Ikikusumbua sana, ipake kwanza tabaka jembamba la rangi nyeupe ya ukuta inayochanganywa na maji, iache ikauke siku nzima. Hapo rangi yako itakaa juu juu badala ya kunywewa, na ukikosea unaifuta kwa kitambaa chenye unyevu. Ubaya wake ni kwamba ile mitambao laini ya hali ya pili inapungua. Kwa mtu anayejifunza maji, naona manila tupu ni mwalimu bora.

Nirudi kwenye ukakamavu wako wa petali moja moja. Huo hauko mkononi, uko machoni. Akili yako inajua ua la haibiskasi lina petali tano, na inakuamuru zote tano zionekane. Kunja macho mpaka kope zikaribiane, ulitazame ua hilo tena. Petali zimetoweka. Kumebaki bonge la rangi lenye upande wa mwanga na upande wa kivuli, na pahali pamoja penye giza zaidi, karibu na kitovu. Bonge hilo ndilo unalochora. Mchoraji Monet wa Ufaransa alichora mayungiyungi ya bwawani kwake kwa miaka mingi, na katika uzee macho yake yaliingia mtoto wa jicho, akapasuliwa mwaka 1923. Wewe huhitaji maradhi hayo, kope zinatosha.

Kuna zoezi jingine ninalolipenda kuliko yote kwa mtu aliyezoea kuchora mistari, nalo halitumii rangi. Chukua pakiti tupu za unga, makaratasi ya sabuni na gazeti la zamani. Rarua kwa vidole, usikate kwa makasi: bonge moja kubwa, jingine la wastani, vipande vitatu vidogo, na mikanda michache ya majani. Vipange juu ya manila mpaka uone kundi la maua. Vidole haviwezi kurarua petali yenye mishipa, kwa hiyo unalazimika kufikiri kwa mabonge. Usidhani nakupa mchezo wa watoto. Rosemary Karuga, msanii Mkenya aliyesomea sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, alitengeneza picha zake kwa pakiti za unga na makaratasi ya sabuni kwa kukosa vifaa vya bei, na kazi hizo zikamfikisha kwenye maonyesho ya nje ya nchi. Ukishapata mpangilio unaokupendeza, piga picha kwa simu, ondoa vipande, na uchore kutoka kwenye picha hiyo. Bonge kubwa lisikae katikati kabisa, na zaidi ya nusu ya karatasi ibaki wazi.

Ukitaka kujua uanze na ua gani, ningekupeleka Dunga, ufukweni mwa ziwa hapo Kisumu, ukachore ua la gugumaji. Gugumaji wavuvi hawalipendi, na wana haki, limeziba njia za mitumbwi kwenye Ghuba ya Winam kwa miongo. Lakini ua lake ni zawadi kwa mchoraji anayeanza: zambarau iliyopauka, maua madogo yamejipanga juu ya bua moja, kila moja na petali sita, na ile ya juu ina doa la manjano. Lichore huko huko ufukweni au lipige picha, kwa sababu ukilichuma linasinyaa upesi.

Lowesha umbo la yai lililosimama, la urefu wa kidole cha kati, lakini usiloweshe lote: acha visiwa vikavu ndani yake. Ngoja mmeto uzame. Chovya magenta yenye bluu kidogo, uzito wa maziwa, na uguse mara nne au tano kwa ncha ya brashi, ukianza chini. Rangi itatambaa ndani ya unyevu na kusita kwenye visiwa vikavu, na visiwa hivyo ndivyo vitakavyosomeka kuwa petali zenye mwanga. Hujachora petali hata moja. Kabla hapajakauka, ongeza rangi iliyokolea kidogo upande mmoja tu, ule ulio mbali na jua. Acha. Nenda ukapike. Ukirudi pakiwa pakavu, fungua ile chupa nyeupe kwa mara ya kwanza, changanya na manjano mpaka iwe nzito, na uweke madoa mawili, au matatu, si zaidi. Manjano bila nyeupe haitaonekana juu ya zambarau, na ikiwekwa mbichi itazimika. Maua kumi ya bua hayahitaji madoa kumi. Jicho la mtazamaji likiona mawili linajaza mengine lenyewe, na linafurahia kazi hiyo.

Majani yake ni mapana na yanang'aa. Changanya bluu na manjano, kisha uongeze chembe ya ile nyekundu ya shule uliyoiacha, maana kijani kitupu cha vichupa kinapiga kelele. Hapa matope kidogo yanatakiwa. Laza brashi ubapa wake, ivute mara moja, ukigeuza kifundo cha mkono njiani ili ianze nyembamba, inenepe, ikonde tena. Jani limekwisha. Kikonyo chore kwa ukingo wa kadi ya simu iliyokwisha kazi, ukiuchovya kwenye rangi na kuugandamiza. Mstari wa kadi unakatikakatika, na kukatika huko ndiko tunakotaka. Kijiti kilichotafunwa ncha, kama mswaki, nacho kinafaa kwa nyasi na mafunjo.

Ukimaliza gugumaji, jaribu Nandi flame. Mtoto gani wa magharibi hajawahi kumrushia mwenzake maji ya vitumba vya mti huo? Ua lake ni kikombe cha machungwa mekundu chenye ukingo wa manjano, na maua yamekaa kuzunguka rundo la vitumba vya hudhurungi vilivyopinda. Anza na manjano kwenye karatasi iliyopoteza mmeto, kisha ushushe magenta katikati yake na uziache ziungane zenyewe njiani, zitazaa machungwa safi. Usichanganye sahanini. Kijani cha majani kisikaribie mpaka kukauke kabisa, nilishasema sababu. Jakaranda la Nakuru ni jepesi zaidi: achana na mti, chora maua yaliyoanguka barabarani, madoa ya zambarau yakiwa makubwa chini ya karatasi na madogo kuelekea juu.

Swali la lini uache ndilo gumu, na hapa nina msimamo mkali kidogo. Acha mapema kuliko unavyotaka. Ukijikuta umeshika brashi na huna mahali mahususi pa kuiweka, picha imekwisha. Usiizungushie maua kalamu nyeusi, hata kama video zinafanya hivyo. Mstari mweusi unafunga kila ukingo laini uliousubiri asubuhi nzima, na ua linarudi chekechea. Wala usitie vimetameta.

Chora pia karatasi kadhaa kwa pamoja. Moja ikikauka unaigusa nyingine, na hofu ya kuharibu inapungua kwa sababu hakuna iliyo ya pekee. Zilizoharibika usizitupe. Kata fremu ndogo ya kadibodi, izungushe juu ya karatasi iliyoharibika, na mara nyingi utapata pembe moja ya ukubwa wa kadi ya salamu iliyo nzuri kuliko picha uliyoipigania.

Kuhusu sebule. Rangi za shule zinapauka kwenye jua, baadhi haraka kuliko nyingine, na waridi ni miongoni mwa zinazotangulia. Picha itundikwe ukuta usiopigwa na jua la dirishani. Wapo watakaokushauri utumie manjano ya jikoni au maji ya haibiskasi kwa kuwa ni vya bure. Vinapendeza siku ya kwanza na vinafifia upesi, kwa hiyo vitumie kwa mazoezi tu. Ukitaka rangi isiyoogopa jua, hadiwea wanauza unga wa oksaidi wa kutilia sakafu ya saruji, nyekundu, manjano na nyeusi. Ukichanganya na gundi nyeupe na maji unapata rangi za udongo zinazodumu sana. Funga pua na mdomo unapokoroga unga wenyewe. Hazitakupa zambarau, lakini kwa mandhari ya nyuma na mashina hazina mpinzani.

Usipake vanishi kwa brashi juu ya picha ya rangi za shule, utaburuta kazi yote. Ipo vanishi angavu ya kopo la kunyunyizia: puliza nje ya nyumba, kwa mbali, matabaka membamba, ukingoja kila moja likauke. Au mpelekee fundi wa fremu akuwekee kioo, ila mwambie aweke ukanda wa kadibodi nene kuzunguka ili kioo kisiguse rangi. Unyevunyevu wa ziwa ukiingia kati ya kioo na karatasi, rangi hunata kwenye kioo, na siku ukibadilisha fremu ua litabaki upande wa pili.